Orodha ni Bei: Kuwapanga Wachezaji na Chipukizi wa Besiboli ya Fantasi

Hotuba kwa wanaligi, Arlington, Texas, kabla ya siku ya kuchagua wachezaji

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na birika la chai, habari za jioni.

Katibu alinipa nusu saa na akaniomba nije na majina mia tatu yaliyopangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Orodha za namna hiyo mnazo kwenye simu zenu, za bure na za kulipia, na ukizilaza tano pamoja utaona zinanakiliana. Mimi nimekuja na majina machache. Ninachotaka tuzungumze ni kinachomfanya mmoja akae juu ya mwingine.

Wengi wenu mmelelewa na fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, yaani mchezo wa kuunda timu ya kubuni yenye wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Mle watu milioni kadhaa wanaweza kuwa na Haaland siku moja, na bei yake imepangwa na wenye mchezo. Unachofanya wewe ni kuamua kama unaimudu. Kwetu huku, kwenye besiboli na ligi ya timu 12, mchezaji akichukuliwa na mmoja, wengine kumi na mmoja mmemkosa msimu mzima, labda mkambembeleze mwenye naye mbadilishane. Hakuna kapteni wa pointi mara mbili. Na bei ya mchezaji hakupangii mtu, unaipanga mwenyewe kabla hujaingia chumbani. Hiyo ndiyo maana ya orodha. Anayedhani orodha ni msururu wa wachezaji wakali, kuanzia mkali zaidi, anakuja na karatasi ya kusifia watu.

Mchezo huu ulipoanza, mwaka 1980, akina Daniel Okrent na wenzake wa New York waliipa ligi yao jina la mgahawa waliokuwa wakikutana, La Rotisserie Française. Kanuni zilizotokana nao bado zinafuatwa na ligi nyingi, yetu ikiwamo: wachezaji 23, yaani wapigaji 14 na warushaji 9, na kama ni mnada, dola 260 kwa kila mwenye timu. Tunashindania mambo kumi. Kwa wapigaji ni mikimbio (kuzunguka besi zote hadi ya nyumbani), homurani (kuupiga mpira nje ya uwanja), mikimbio anayowaletea wenzake, besi za kuiba (kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe) na wastani wa kupiga. Kwa warushaji ni ushindi, ushindi uliolindwa mwishoni mwa mechi, straikauti (kumtoa mpigaji kwa kumkosesha mpira), wastani wa mikimbio anayoruhusu, na idadi ya watu anaowaachia wafike kwenye besi kwa kila iningi, yaani kipindi kimoja kati ya tisa vya mechi. Anayeongoza katika jambo moja anapata pointi 12, wa mwisho anapata 1. Kudaka mpira vizuri kwa glavu hakumo. Kurusha mpira kutoka uwanja wa nje hadi besi ya nyumbani hakumo. Kuwa kiongozi wa chumba cha kubadilishia nguo hakumo pia.

Sasa hesabu. Timu 12 kwa dola 260 ni dola 3,120. Nafasi ni 276. Hata mchezaji wa mwisho kabisa atakayechukuliwa, yule utakayemtema wiki ya pili bila majuto, anagharimu dola moja. Toa hizo 276, zinabaki 2,844. Hizo ndizo fedha pekee za kugawia ubora. Ukimpa huyu dola 30 kwa kuwa ni mzuri, na yule 25 kwa kuwa naye ni mzuri, ukajumlisha mwisho wa karatasi ukapata 4,500, ujue umegawa fedha ambazo hazipo. Kila dola unayompandishia mtu lazima umpunguzie mwingine, na ni kwenye kupunguza ndipo maoni yako yanapoonekana. Yeyote anaweza kusema Bobby Witt, nyota wa Kansas City, ni mzuri. Sema sasa nani unamshusha.

Hata ninyi mnaochagua kwa zamu, bila mnada, fanyeni hesabu hii ya dola. Namba peke yake inaficha umbali. Wa tatu na wa nne wanaweza kutofautiana kwa dola moja, halafu wa nne na wa tano wakatofautiana kwa nane. Kwenye karatasi ya namba wote wamekaa mstari mmoja chini ya mwingine, kama vile pengo ni lilelile.

Mzuri kuliko nani? Tunalipia kile kinachozidi cha mtu wa dola moja wa nafasi ileile. Chukueni wadakaji, wale wanaodaka mipira ya mrushaji nyuma ya mpigaji. Kila mmoja wetu lazima awe na wawili, jumla 24, na Ligi Kuu ya besiboli (MLB) ina timu 30. Kwa hiyo tunawachukua karibu wote wanaoanza mechi, na yule wa 24 huwa ni mpigaji dhaifu ambaye kocha anampanga kwa sababu ya glavu na namna anavyowaongoza warushaji. Wachezaji wa nje tunachukua 60, na timu 30 zinaanza na watatu kila moja, yaani 90. Wa 60 wa nje bado ni mtu unayeweza kuishi naye. Ndiyo maana homurani 25 za mdakaji ni ghali kuliko homurani 25 za mchezaji wa nje, ingawa ubao wa matokeo hauzitofautishi.

Mfano uliopo mezani ni Cal Raleigh wa Seattle. Msimu wa 2025 alipiga homurani 60. Kabla yake rekodi ya mdakaji ilikuwa 48, za Salvador Perez mwaka 2021. Mpime Raleigh dhidi ya mdakaji wa 24 na karibu utataka kumweka namba moja ya dunia. Lakini mwaka 2024 alipiga 34, na 2023 akapiga 30. Swali la bei ni unalipia zipi. Mimi ninalipia arobaini na kidogo. Anayetaka kulipia sitini namwachia kwa mikono miwili, na zikija kweli nitampigia simu kumpongeza.

Besi za kuiba zinataka muda zaidi, kwa sababu ndipo orodha za zamani zilipoharibika. Mwaka 2022 Ligi Kuu nzima iliiba besi 2,486. Mwaka uliofuata besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa saa, na akazuiwa kuacha kurusha ili kumtishia mkimbiaji zaidi ya mara mbili. Wizi ukaruka hadi 3,503, na 2024 ukafika 3,617. Aliyeongoza 2022 alikuwa Jon Berti, akiwa na 41. Mwaka 2023 Ronald Acuña Jr. wa Atlanta aliiba 73 na homurani 41 juu yake, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwingine. Mwaka 2024 Elly De La Cruz wa Cincinnati akaiba 67. Maana yake mtu wa besi 30, ambaye zamani alikusogeza juu ya wapinzani watatu, leo huenda akakusogeza juu ya mmoja. Hajapungua chochote, ila bidhaa imejaa sokoni na bei imeshuka. Ukimlipia bei ya 2022 utakuwa umempa fedha jirani yako.

Na tazameni wizi unatoka kwa nani. Esteury Ruiz aliiba 67 akiwa na Oakland mwaka 2023. Waliomnunua msimu uliofuata walinunua miguu mitupu, maana homurani zake zilikuwa tano tu, na Aprili 2024 timu yake ikamrudisha ligi za chini. Miguu haiibi besi ikiwa imekaa kwenye basi la Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya Ligi Kuu. Upande wa pili yupo Juan Soto. Mtu mzito, hakuwahi kuvuka besi 12 kwa msimu. Mwaka 2025 akiwa na New York Mets, na kocha wa besi ya kwanza Antoan Richardson akimsomea warushaji, aliiba 38, pamoja na homurani 43. Hakuna orodha ya Machi 2025 iliyokuwa na namba hiyo, na sidhani kama anastahili kulaumiwa yeyote. Ninachosema ni kwamba Soto asipoiba hata moja bado ni Soto, na Ruiz asipoiba hana kazi. Mchezaji mwenye njia mbili za kukulipa ninampandisha. Mwenye njia moja ninamshusha, hata kama njia yenyewe ni pana.

Nije kwenye ugonjwa wa ligi yetu wenyewe. Tupo Arlington. Uwanja wa Texas Rangers uko dakika chache kutoka hapa, na mwaka 2023 waliuleta ubingwa wa World Series mjini. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mwaka kwenye uchaguzi wetu wachezaji wa Rangers wanatoka mapema kuliko ligi nyingine zote nchini, na mimi kila mwaka ninawaachia. Simaanishi ni wabaya. Wyatt Langford alipiga homurani 22 na kuiba besi 22 mwaka 2025, ni mchezaji wa kupendeza. Lakini kama chumba kizima kinamtaka, bei yake humu ndani imezidi bei yake Marekani nzima. Andika majina ya wenzako pembeni ya karatasi yako na timu wanazozishabikia. Hiyo nayo ni sehemu ya kupanga.

Sasa, ukishapata bei, usizifuate kwa namba moja moja. Chora mistari. Waliokaribiana kwa dola moja au mbili ni daraja moja, na ndani ya daraja moja usihangaike nani wa kwanza. Kwenye zamu ya nyoka, ambapo mpangilio unageuka kila raundi, watu 12, mwenye chaguo la kwanza harudi tena mpaka la 24 na la 25. Hapo katikati wanaondoka watu 22. Kwa hiyo akiwa amekaa pale kwenye la 24, swali lake ni nani hatakuwapo atakaporudi kwenye la 48. Kama daraja lako la shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, lina watu saba waliobaki, subiri, mmoja wao atakusubiri. Kama daraja la walinzi wa besi ya tatu limebakiza mmoja, na chini yake pana shimo, mchukue huyo hata kama karatasi inasema shotistopu ana dola moja zaidi.

Kuna pia ule wastani wa nafasi ambazo umma unamchukulia mchezaji, mnaouona kwenye programu. Usiufuate kama sheria, usome kama kelele za mnada wa jirani. Wewe umempanga mtu wa 50, umma unamchukua wa 95. Ukimchukua kwenye chaguo la 50 umesema ukweli wako na umepoteza mchezaji mmoja bure. Msubiri hadi sabini na kitu. Orodha yako inakwambia thamani, ya umma inakwambia ni lini uinunue.

Warushaji nitawapitia kwa haraka, kwa sababu nina jambo moja tu la kusema: bega na kiwiko. Machi 2024 Spencer Strider wa Atlanta alikuwa mrushaji wa kwanza kuchukuliwa kwenye ligi nyingi. Mwaka uliotangulia alishinda mechi 20 na kupiga straikauti 281. Alianza mechi mbili, kiwiko kikaharibika, msimu ukaisha mwezi wa nne. Gerrit Cole alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 2023, na Machi 2025 alikuwa kwenye chumba cha upasuaji. Tangu daktari Frank Jobe alipomfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kiwiko mwaka 1974 wengi wanarudi, lakini wanarudi baada ya mwaka au zaidi, na fantasi haina fidia. Ndiyo maana wapangaji wengi hutenga karibu theluthi mbili ya fedha kwa wapigaji. Mimi ninanunua mrushaji mmoja wa juu, halafu ninashuka mbali.

Hapa kwetu tunaye Jacob deGrom wa kutufundisha mambo mawili. La kwanza, mwaka 2018 akiwa na Mets aliruhusu wastani wa 1.70, akatwaa Cy Young, na akashinda mechi 10 tu, kwa kuwa wenzake hawakumpigia. Ushindi ni kitu cha timu, usiulipie kama ni cha mtu. La pili, Rangers walimsaini kwa dola milioni 185, akaanza mechi sita mwaka 2023, akaenda kupasuliwa. Mwaka 2025 akarudi na kuanza mechi 30. Mzee huyu ni daraja gani? Iningi kwa iningi yumo kwenye daraja la kwanza. Kwa iningi unazoweza kuzitegemea, la tatu. Ninamweka la tatu na ninafurahi nikimpata.

Walinzi wa ushindi, wale wanaoingia iningi ya tisa, msilipie jina. Lipieni kazi, na kazi ile hubadilika kwa neno moja la meneja asubuhi.

Sasa chipukizi, ambao najua ndio mliowaleta wengi hapa leo, maana mwaka huu tunafungua ile ligi ya kudumu ambayo mchezaji unayemchukua unabaki naye.

Kitu cha kwanza ni kujua orodha za chipukizi zimeandikwa kwa ajili ya nani. Jarida la Baseball America limekuwa likitoa majina mia moja kila mwaka tangu 1990. Maskauti wanampima kijana kwa kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu, katika mambo matano: kupiga, nguvu, mbio, mkono na glavu. Mambo mawili ya mwisho hayatulipi sisi chochote. Patrick Bailey wa San Francisco ana tuzo mbili za Gold Glove, za ulinzi bora, kama mdakaji, 2024 na 2025, na klabu yake ina kila sababu ya kumpenda. Kwenye karatasi yangu ni yule mdakaji wa dola moja niliyemtaja. Kwa hiyo mkishika orodha ya chipukizi, fanyeni kazi ya kufuta glavu na mkono kwanza, halafu mpange upya. Glavu inabaki na faida moja ya kuzunguka: inamweka kijana uwanjani siku ambazo bado hajajua kupiga. Iandikieni dola moja au mbili kwa ajili hiyo, basi.

Mwaka 2024 ulitupa funzo ambalo nadhani halitajirudia kwa uzuri ule. Walikuwapo akina Jackson watatu. Jackson Holliday wa Baltimore alikuwa chipukizi namba moja wa nchi. Jackson Chourio wa Milwaukee alikuwa amesaini mkataba wa dola milioni 82 kabla hajacheza mechi moja ya Ligi Kuu. Jackson Merrill wa San Diego alikuwa nyuma yao, tena shotistopu aliyeombwa ajifunze uwanja wa kati wakati wa mazoezi ya Machi. Holliday alipandishwa Aprili, akapiga mara mbili katika majaribio 34, akarudishwa chini kabla mwezi haujaisha. Chourio alianza vibaya kiasi kwamba watu walimtema mwezi wa tano. Merrill, yule wa nyuma, alimaliza na wastani wa 0.292, homurani 24 na mikimbio 90 aliyowaletea wenzake.

Waliokuwa na haraka walisema orodha ni upuuzi. Lakini tazameni Chourio: alimaliza na homurani 21 na besi 22, mtu mdogo kuliko wote kuwahi kufika ishirini kwa ishirini. Aliyemtema Mei alimlipia mpinzani msimu mzima. Julio Rodríguez naye, mwaka 2022, alimaliza Aprili yake ya kwanza bila homurani hata moja, na mwaka ukaisha akiwa na 28 na tuzo ya mgeni bora, ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza. Kijana wa miaka ishirini anaporushiwa na watu wazima kwa mara ya kwanza, miezi miwili ni ada ya shule. Kwenye ligi ya mwaka mmoja swali ni kama wewe unaweza kumlipia ada hiyo huku ukiwa wa tisa kwenye msimamo. Wengi hatuwezi. Kwa hiyo kwenye ligi ya mwaka mmoja ninawashusha chipukizi wote chini ya bei ya umma, wote, na ninanunua wale ambao umma umewakasirikia mwezi wa tano.

Evan Carter, wa hapahapa. Rangers walimteua raundi ya pili kwenye uteuzi wa vijana wa klabu za Ligi Kuu mwaka 2020, na Baseball America walikuwa wamepanga vijana 500 wa mwaka ule bila kumtaja. Septemba 2023 akapandishwa, akapiga 0.306 katika mechi 23, akaingia nayo hadi World Series. Machi iliyofuata humu ndani mngeweza kuuza gari kumpata. Mgongo ukamsumbua, akacheza mechi 45 na wastani wa 0.188. Orodha ilimkosa akiwa na miaka kumi na saba, na sisi tukamkosea bei akiwa na miaka ishirini na mmoja, kwa sababu ya mechi 23. Mechi 23 za besiboli ni karibu sawa na bure. Msimu una 162.

Mnauliza ninaangalia nini kwa kijana? Umri wake ukilinganisha na ngazi anayochezea, hilo kabla ya mengine yote. Kijana wa miaka 19 anayepiga vizuri Double-A, ngazi ya pili chini ya Ligi Kuu, akiwakabili wanaume wa miaka 23 na 24, ni kitu tofauti kabisa na wa miaka 24 mwenye takwimu zilezile. Kisha straikauti zake: nguvu huongezeka na mwili, lakini anayekosa mpira sana kule chini hatauona vizuri zaidi huku juu. Kisha nani anakalia kiti chake. Chipukizi wa besi ya kwanza aliye nyuma ya nyota mwenye mkataba wa miaka minane ni mali ya baadaye au mali ya kubadilishana.

Na kisha kalenda, jambo ambalo orodha nyingi hazilisemi. Mchezaji anakuwa huru baada ya miaka sita ya huduma Ligi Kuu, na mwaka mmoja wa huduma ni siku 172. Msimu una zaidi kidogo ya hizo. Klabu ikimchelewesha kijana wiki chache, inajipatia mwaka wa saba. Tangu mkataba wa kazi wa 2022, klabu inayompandisha chipukizi wa juu mwanzoni mwa msimu inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya uteuzi akishinda tuzo ya mgeni bora, kwa hiyo hesabu imebadilika kiasi. Msome meneja mkuu wa timu, siyo kijana peke yake.

Konnor Griffin wa Pittsburgh ndiye mnayemuulizia nyote. Mwaka 2025, akiwa na miaka 19, alipita ngazi tatu hadi Double-A, akapiga 0.333, homurani 21, akaiba besi 65. Umri, ngazi, njia mbili za kulipa, vyote vimo. Kwenye ligi ya kudumu yumo kwenye daraja langu la pili la wachezaji wote, pamoja na watu waliokwisha kucheza Ligi Kuu miaka mitano. Kwenye ligi ya mwaka mmoja, bei yangu ni ndogo kiasi kwamba simtarajii. Jina moja, kijana mmoja, karatasi mbili. Anayepanda mchicha na anayepanda mnazi hawaendi kununua ardhi kwa bei moja.

Warushaji chipukizi kwenye ligi ya kudumu, isipokuwa mmoja kwa muongo, waacheni wengine wawalee. Mmoja wa muongo huu alikuwa Paul Skenes: aliteuliwa wa kwanza 2023, akaingia Ligi Kuu Mei 2024, akawa mgeni bora, na 2025 akatwaa Cy Young kwa wastani wa 1.97. Brien Taylor naye aliteuliwa wa kwanza, mwaka 1991, na Yankees. Bega likaumia, hakufika Ligi Kuu kamwe.

Mzee mmoja aliniuliza pale mlangoni kama yupo kijana wetu wa Afrika Mashariki wa kumchukua. Nimejibu: wa kumchukua bado, wa kumfuatilia yupo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alifungua mlango Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kucheza Ligi Kuu, akiwa na Pittsburgh. Watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series kule Williamsport mwaka 2012. Na Pittsburgh hao hao wamemsaini mrushaji wa Uganda, David Matoma, mwaka 2023. Ni mrushaji, na nimeshawaambia ninavyowaona warushaji chipukizi. Lakini kama kuna mtu humu atatumia dola yake ya mwisho kwake kwenye ligi ya kudumu, mimi sitacheka, huenda nikashindana naye.

Limebaki moja, ambalo limeletwa na kaka wa mbele hapa, na siwezi kulijibu bila ninyi. Shohei Ohtani ni mtu mmoja au wawili? Kama mpigaji tu, mwaka 2024, alikuwa wa kwanza katika historia kufikisha homurani 50 na besi 50: 54 na 59 kwa hesabu kamili. Mwaka 2025 alipiga 55, akarudi pia kurusha. Programu nyingine zinamgawa awe wachezaji wawili, mpigaji na mrushaji, kila mmoja achukuliwe peke yake. Nyingine zinamfanya mmoja, na kila wiki mwenye naye anachagua amtumie wapi. Na zipo zinazohesabu kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Akigawanywa, mpigaji ni daraja la kwanza pamoja na akina Judge na Witt, na mrushaji ni mtu wa kuhesabiwa iningi kwa uangalifu. Akihesabiwa kote mara moja, hakuna karatasi ya dola itakayomtosha, na mwenye chaguo la kwanza ameshamaliza kazi. Kanuni yetu haisemi lolote. Mwenyekiti, nakuomba upigishe kura sasa, kabla hatujajua nani amepata namba moja kwenye kura ya zamu.